Kisima kimeingia chumvi, je, nichimbe zaidi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kisima cha mita 50 hapa Kunduchi, Dar es Salaam. Miaka mitatu maji yalikuwa matamu. Sasa chai hainyweki na koki za bafuni zinaliwa na kutu. Fundi anasema tushuke mita 30 zaidi tutapata maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Nimlipe?

JIBU: Marahaba. Usimlipe.

Hili la “ongeza kina” nalisikia karibu kila wiki, na linanikera kwa sababu pwani mambo huwa kinyume. Chini ya ardhi maji baridi huelea juu ya maji ya bahari, maana ni mepesi. Kwa makadirio, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Pampu ikishusha maji mita 1 tu, na ikaendelea hivyo, chumvi nayo hupanda kuelekea mita 40. Kwa hiyo kisima chako si kifupi. Umevuta mno, chumvi ikapanda kuifuata pampu. Ukishuka mita 80 unaifuata ilipo.

Utaambiwa habari za Kimbiji, huko Kigamboni, kwamba kule maji baridi yako mita mamia chini. Ni kweli, lakini yale ni matabaka mengine, na yalichunguzwa kabla ya kuchimbwa.

Pumzisha kisima wiki kadhaa, kisha pima chumvi kwa kile kipimo cha mkononi kinachotumbukizwa kwenye kikombe. Ikipungua, pandisha pampu juu, weka ndogo zaidi, vuta kidogo kidogo. Isipopungua, kizibwe kwa saruji kuanzia chini.

Shabu, mkaa na klorini haviondoi chumvi, hata muuzaji aape. Wala kijiti cha watafuta maji kinachotikisika mkononi mwa mtu hakijui chumvi iko wapi. Wanaochimba bila kupima ardhi na bila kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu wanaharibu mtaa mzima: nyumba ishirini zikivuta usiku kucha, chumvi huwapandia wote, na kila shimo refu lililoachwa wazi ni njia ya kuipitisha kwenda tabaka la juu.

Fedha ya fundi nunulia mifereji ya bati na tangi. Paa la mita za mraba 150 likinyeshewa milimita 1,000 hupokea lita 150,000.