Simu, redio na runinga kwa pamoja haziongezi ubunifu

Kaka, unasema kuwa na simu mkononi huku redio na runinga zinaendelea humfanya mtu awe mbunifu zaidi. Hapana, hilo halijathibitishwa. Utafiti wa Ophir, Nass na Wagner wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa 2009, uliwakuta waliozoea vyombo vingi kwa mpigo wakishindwa zaidi kupuuza yasiyohusika, na hata kuhama kazi moja kwenda nyingine walikuwa wazito kuliko wenzao. Ubongo haufanyi mambo mawili yanayotaka fikra kwa wakati mmoja; unarukaruka, na kila ukiruka unapoteza muda.

Ila watafiti hao walipima umakini, si ubunifu wenyewe, na hawakuonyesha kipi kinasababisha kipi. Huenda wenye mawazo ya kutangatanga ndio wanaopenda skrini nyingi, na kutangatanga huko wakati mwingine huzaa jambo jipya kabisa, hilo silikatai.

Nafundisha vijana kuchora mabango hapa Moshi. Wakati wa kupaka rangi, muziki ruksa. Wakati wa kubuni, simu zote zinakaa mezani kwangu.