Mradi wa maji moto kwa jua: shughulikieni upepo kwanza

Mtoto akirudi nyumbani na mradi wa kupasha maji moto kwa jua, wazazi wengi hapa Dar huwaza paneli za sola na betri, kisha bei. Tulieni. Paneli zile ni za umeme. Hapa tunataka joto tu, na joto mji huu hatulitafuti kwa tochi.

Nimesaidia watoto wa nyumbani na wa majirani kwenye miradi ya aina hii. Nguvu zote huishia kwenye kukusanya joto, lakini hakuna anayekumbuka kulizuia lisitoroke. Weka chupa nyeusi juu ya paa: itapata moto vizuri, halafu upepo wa baharini uanze kuvuma mchana na kuupunguza.

Kwa hiyo anzeni na sanduku. Chini na pembeni jazeni maranda ya seremala, au sufi ya mto uliochoka, unene wa sentimita 5 hivi. Juu yake lazeni bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na bomba jembamba la shaba (ulizeni mafundi friji) lililofungwa likagusana nalo kabisa. Funikeni kwa kioo. Mafundi wa madirisha ya alumini hawakosi vipande. Kioo hupitisha mwanga wa jua, lakini huzuia mionzi ya joto inayotoka kwenye bati, na upepo haupiti. Mswisi Horace-Bénédict de Saussure alitengeneza sanduku la vioo mwaka 1767, na joto ndani ya jingine alilotengeneza baadaye likapita nyuzi 100. Bila umeme wowote!

Ndoo ya maji, iliyounganishwa na ncha zote mbili za bomba, ikae juu kuliko sanduku. Maji ya moto ni mepesi, yatapanda yenyewe, ya baridi yashuke kuchukua nafasi, pampu ya nini? Ila bomba lisiinuke katikati likatengeneza nundu, hewa itanasa hapo na mzunguko utakufa. Sanduku liinamishwe kidogo, likitazama kaskazini mwezi Juni na Julai.

Kipimajoto cha homa kiacheni kabatini, kitaharibika. Azimeni cha maabara.

Msikazanie maji yachemke. Nyuzi 60 zinatosha sana, na zinaunguza, mtu mzima awepo. Waamuzi wa miradi huvutiwa zaidi na ulinganisho: masanduku mawili yanayofanana, moja lina kioo, jingine halina, yasomwe kila dakika 15 kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Mtoto achore grafu mwenyewe. Na ajue hesabu hii: lita 1 ya maji huhitaji jouli 4,200 kupanda nyuzi 1, kwa hiyo lita 5 kutoka nyuzi 28 hadi 60 ni jouli 672,000. Jua kali la mchana hutoa karibu wati 1,000 kwa mita mraba. Sanduku la nusu mita mraba linalonasa nusu ya hizo litachukua kama dakika 45. Likichukua saa mbili, kagueni kingo za kioo kabla ya kulaumu mawingu.