Nguzo moja inang'aa, nyingine ya kijivu

Kaka, usizirudishe hizo nguzo za geti kwa sababu tu moja inang'aa na nyingine imetoka na kijivu kilichofifia. Zote zimechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, kama nyuzijoto 450. Tofauti imetoka kwenye chuma chenyewe. Chuma chenye silikoni nyingi huungana na zinki kwa kasi, tabaka linakuwa nene na halina mng'ao. Na unene ndio unaozuia kutu, si mng'ao! Hata hiyo inayong'aa itafifia ikishapigwa jua na mvua miezi kadhaa. Wewe kagua sehemu zilizokosa zinki kabisa, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa. Ukiona unga mweupe, zilirundikwa zikiwa na maji: zitenganishe zipate hewa, kisha sugua kwa brashi ya nailoni.