Nguzo ya Vignola haipimwi kwa rula

SWALI: Nina nakala ya mchoro wa Vignola, msanifu majengo wa Italia wa karne ya 16, unaoonyesha nguzo ya Doriki (mojawapo ya mitindo ya kale ya nguzo). Nimepima kila sehemu kwa rula na kuzidisha, lakini jumla haifikii urefu wa baraza langu, mita 3.8. Nakosea wapi?

JIBU: Rula ndiyo iliyokuponza. Michoro hiyo, kurasa 32 zilizotoka mwaka 1562, ilichongwa kwenye shaba na kuchapwa kwenye karatasi iliyoloweshwa. Karatasi hiyo ikikauka husinyaa. Nakala ya nakala ndiyo hupotoka zaidi. Fuata uwiano alioutoa Vignola.

Gawa urefu wote mafungu 19. Umebahatika: kila fungu ni sm 20 kamili. Kiti cha mraba cha chini huchukua mafungu 4 (sm 80), nguzo 12 (sm 240), na mikanda ya juu 3 (sm 60). Nguzo ya Doriki ina moduli 16, hivyo moduli moja ni sm 15. Hapa ndipo wengi huteleza: moduli ni nusu ya kipenyo cha chini cha nguzo. Ukiichukua kama kipenyo kizima, nguzo itakuwa nyembamba kama mwanzi.

Kitako ni moduli 1, kichwa 1, shina 14. Shina lisianze kupungua chini kabisa. Theluthi ya kwanza, sm 70, inyooke; kisha lipungue taratibu hadi kipenyo cha sm 25 juu.

Mkanda wa chini una sm 15, wa kati 22.5, na ule unaotokeza juu 22.5. Kwenye mkanda wa kati, kila triglifi (kibao cha mapambo chenye mifereji ya wima) ina upana wa sm 15 na nafasi baina yake ni mraba wa 22.5. Anza na triglifi iliyo juu ya kitovu cha nguzo. Nafasi kutoka kitovu cha nguzo hadi kingine lazima igawanyike kwa 37.5, la sivyo utabaki na kipande kisicho na pa kukaa.

SWALI: Hizo triglifi zinabeba nini?

JIBU: Hazibebi kitu. Vitruvius, Mroma wa karne ya 1 KK, aliandika kwamba maseremala walikata ncha za boriti zilizotokeza ukutani, wakazifunika kwa vibao vilivyopakwa nta ya buluu. Waashi wa mawe wakaiga. Maelezo hayo yanavutia, ila boriti hulala kuelekea upande mmoja, ilhali triglifi huzunguka hekalu pande zote nne.