Betri gani ya sola kwa nyumba ndogo?

SWALI: Habari fundi, niko kijijini Kondoa, umeme wa nguzo bado haujatufikia. Nina paneli ya wati 150, nataka taa 4, tv ya inchi 24 na king'amuzi chake, na kuchaji simu. Fundi wa huku anasema ninunue betri ya gari ndo bei rahisi, dukani wananipa jeli ya 100Ah, shemeji yangu ye anang'ang'ania litiamu. Nichukue ipi, hela yenyewe ya alizeti?

JIBU: Dada yangu, betri ya gari achana nayo kabisa. Ile imetengenezwa kutoa moto mkali sekunde chache gari liwake, halafu altaneta, ile jenereta ndogo ya kwenye injini, inairudishia chaji hapohapo. Sahani zake nyembamba, ukiikamua kila usiku mpaka tv inazima yenyewe haimalizi muda, na huo urahisi wa bei hutauona.

Piga hesabu kwanza. Taa 4 za wati 5 kwa masaa 5 ni wati-saa 100, tv na king'amuzi tuseme wati 40 masaa hayohayo ni 200, simu weka 30, jumla 330 kwa usiku. Jeli ya volti 12 100Ah (Ah ni ampea-saa, ujazo wa betri, zidisha kwa volti upate wati-saa) imeandikiwa wati-saa 1200 ila usivuke nusu, ukiizoesha kuisha inachoka haraka, kwaiyo una 600 hivi, usiku mmoja na akiba kidogo ya siku ya mawingu. Litiamu iliyoandikwa LiFePO4 (aina ya litiamu yenye chuma na fosfeti) ya 50Ah, volti 12.8, ina kama 640 na unaruhusiwa kutumia zaidi ya 500, yaani nusu ya ukubwa lakini kazi inakaribiana kabisa, tena inavumilia kuchajiwa mara maelfu wakati jeli ni mamia tu.

Mimi nakushauri litiamu, hata kama itabidi usubiri msimu mwingine. Ila angalia chaji kontrola yako, kile kifaa kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, kama ina seti ya litiamu, kama haina badilisha nayo, usikubali kuambiwa "itaenda tu".

Ikibidi jeli, omba ipimwe kwenye mzani mbele yako. Sahani za ndani ya jeli ni za madini ya risasi, nayo ni mazito, 100Ah ya kweli inacheza kwenye kilo 28 mpaka 30, ukikuta 18 hiyo stika imebandikwa tu, toka hapo. Na betri yoyote utakayochukua weka fyuzi karibu na nguzo chanya ya betri (ile yenye alama ya +), watu wanairuka hiyo na waya ukigusana nyumba inaungua.