Nataka Mbegu Kwenye Tango Moja Tu

SWALI: Shikamoo Mama Mbegu. Nina kitalu nyumba kidogo cha matango yale marefu yasiyo na mbegu. Wateja wangu wanayataka hivyo hivyo. Wakikuta mbegu ndani, simu haiachi kulia. Sasa kuna mche mmoja umenivutia sana. Wenzake wote majani yameshikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, wenyewe umebaki kijani kibichi na unazaa kuliko yote. Nataka mbegu zake nipande msimu ujao. Jirani ananiambia nikiingiza chavua humo ndani, hata kwa ua moja, matango yote yatajaa mbegu, tena yatakuwa machungu kwa sababu nje nimepanda matikiti. Nifanyeje?
Mwenye Mche Mmoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani yako ana hofu ya mmea mwingine. Angekuwa anazungumzia hopsi, ile inayotiwa kwenye bia, au bangi ambayo ni jamaa yake, ningekuambia msikilize. Chavua ya mimea hiyo ni vumbi jepesi linalopeperuka na upepo, na mmea dume mmoja unatosha kuwatia mbegu majike wengi waliouzunguka. Ndiyo maana wakulima wengi wa hopsi hawataki kuona dume karibu na shamba lao. Chavua ya tango ni nzito na inanata. Haiendi popote mpaka ibebwe na nyuki au na kidole chako. Kwa hiyo mbegu kwenye tango huingia ua kwa ua, na ua usilolichavusha halina habari na ulilolichavusha.

Tazama ua jike: nyuma yake lina kitango kidogo chenye vijinywele. Kwenye matango ya kawaida, ua lisipochavushwa kile kitango hugeuka manjano na kudondoka. Aina yako hukikuza bila kusubiri chavua. Mjerumani Fritz Noll aliliandika jambo hili mwaka 1902, akiwa anachunguza matango haya haya, na jina la partenokapi linatokana na kazi yake. Tango la namna hiyo likichavushwa linakumbuka asili: linatia mbegu, na mara nyingi ncha yake inavimba kama chupa iliyogeuzwa.

Kabla hujashika uzi wa kufungia maua, nijibu mambo mawili.

La kwanza, miche yako yote ilitoka pakiti moja iliyoandikwa F1, yaani mbegu chotara? Kama ndiyo, hao ni ndugu wanaokaribia kuwa mapacha, na mmoja kuukwepa ubwiri unga peke yake kunanitia shaka. Mche huo umesimama wapi? Kama ni karibu na mlango, penye hewa na mwanga, huenda sifa ni za mlango. Tena mbegu za chotara hazizai mfano wa mama. Utapanda kumi, upate watoto wa kila sura, wengine watataka kuchavushwa ndipo wazae. Ukitaka mche ule ule hasa, kata chipukizi la pembeni lenye urefu wa kiganja, punguza majani, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu na ulifunike lisinyauke. Tango huota mizizi upesi kwa njia hiyo. Mimi ningefanya hilo kwanza, mbegu baadaye.

La pili, una ua dume? Aina nyingi za kitalu nyumba zimezalishwa zitoe maua ya kike matupu. Dume halina kitango nyuma. Lina kikonyo chembamba, na huja kwa mafungu. Usipolipata, panda miche miwili mitatu ya tango la kawaida nje, aina unayoipenda kula, uchukue chavua huko. Watoto watakuwa mchanganyiko, ulijue hilo. Wazalishaji wa mbegu hupulizia mmea jike asidi ya jibereliki, homoni ya mimea, ili utoe maua dume, lakini hiyo ni kazi ya mizani na vipimo, si ya kukadiria kwa kijiko.

Haya, sasa kazi yenyewe. Jioni tafuta maua yatakayofunguka kesho: ncha zimeshapata umanjano lakini petali bado zimefumbana. Chagua jike moja na madume matatu. Zifunge ncha zake kwa uzi wa kushonea, taratibu, usizikate. Hata kama una wavu, funga. Nyuki haombi ruhusa, na tundu dogo la wavu analijua kabla yako. Madume nayo unayafunga ili asije kuwaachia chavua ya kigeni.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, chuma dume moja, lifungue, zirarue petali zote mpaka kibaki kile kichwa cha katikati. Kiguse kwa ukucha. Ukucha ukitoka na unga wa manjano, chavua iko tayari. Ukitoka mkavu, subiri kidogo. Kisha fungua jike na uone kifundo chake cha katikati, kimegawanyika vipande vitatu, kinanata. Pakaza kote kote, si upande mmoja. Rudia na dume la pili na la tatu. Funga jike tena kwa uzi wake, halafu uzungushie kikonyo uzi mwekundu uliolegea, maana kikonyo kitanenepa. Usiahirishe hadi mchana: ua hilo lina siku moja tu, na saa zake nzuri ni za asubuhi.

Kisha nenda ukanawe mikono. Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mara ya kwanza nilimaliza ua langu kwa furaha, nikaendelea kupita kwenye mistari nikigusagusa maua mengine kuona yalivyofunguka. Baada ya muda nikawa na matango manne yenye matako kama chupa, na mimi ndiye niliyekuwa nyuki.

Ukiona kitango kinakua, usishangilie mapema, kwa aina yako kingekua hata bila wewe. Acha tunda hilo kwenye mmea wiki tano au sita, mpaka liwe manjano iliyoiva au kahawia. Ukilichuma likiwa la kula, mbegu ni maganda matupu. Na hapa ndipo gharama ilipo: mmea wenye tunda la mbegu unalegeza kuzaa mengine. Basi subiri uvune vya kutosha kwanza, na usiache zaidi ya matunda mawili. Waambie pia wa nyumbani maana ya ule uzi mwekundu. La kwangu la pili lililiwa na mjukuu wiki ya tatu, uzi akaniletea.

Likishaiva, lilaze ndani siku kumi hivi, lipasue, komba mbegu na utelezi wake, tia kwenye glasi na maji kidogo. Siku mbili tatu litanuka. Ndivyo inavyotakiwa, ule utelezi unaoza na kuachia. Mbegu nzima huzama, zinazoelea zimwage. Suuza, anika kivulini kwenye sahani. Usitumie karatasi, zitagandamana nayo.

Kuhusu uchungu: tango na tikiti hazichanganyiki, na chavua haibadilishi ladha ya nyama ya tunda la msimu huu. Uchungu wa tango unatokana na asili ya mbegu, ukichochewa na joto na umwagiliaji wa leo kiu kesho gharika. Kagua mpira wa maji kabla ya kugombana na matikiti.

SWALI: Nami nataka mbegu za maboga. Njia ni hiyo hiyo, Mama?
Msomaji wa Kila Toleo

JIBU: Hiyo hiyo, tena rahisi, maua ni makubwa na kazi unaiona. Ila boga huoana na la jamii yake hata sura zikitofautiana. Zukini na vile vibuyu vidogo vya mapambo ni jamii moja. Nyuki akiwaunganisha, tunda la mwaka huu litakuwa tamu kama kawaida, balaa litaota mwakani. Kwa hiyo funga ua. Na boga au zukini iliyoota yenyewe jalalani, kata kipande kibichi, gusa kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tema na ulitupe lote. Uchungu huo ni sumu, na kupika hakuuondoi.