Jibu: Kuchangisha bila kuwatuma watoto kuuza vitu

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utachangishaje fedha za maktaba ya darasa bila kuwageuza watoto wa miaka 11 kuwa wachuuzi. Jaribu usomaji wa ahadi: mtoto anatafuta ndugu wa kumwahidi kiasi fulani kwa kila kurasa 10 atakazosoma ndani ya wiki mbili.

Wekeni kikomo cha ahadi mapema. Sisi tulisahau, na binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma akasoma kurasa 640. Mjomba wake alinipigia simu akicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha wasiwasi. Na majina ya waliochanga zaidi msiyabandike ukutani, wasio nacho wataumia.

Hesabu waachie wanafunzi wenyewe. Wetu walichora jedwali kwenye karatasi kubwa: kurasa, ahadi, kilicholipwa, kinachodaiwa. Asilimia zilizokuwa zikiwatoa jasho ubaoni wakaanza kubishania wenyewe, maana safari hii fedha zilikuwa zao. Ila kushika pesa taslimu ni kazi ya watu wazima wawili, na stakabadhi itolewe hapo hapo.

Vitabu wachague wao. Mtakuta nusu ni vya katuni, msigombe.